Handel, Vivaldi, Beethoven au Bach: Uanze na Nani Kwenye Muziki wa Klasiki?

Mtu akiuliza aanzie wapi kusikiliza muziki wa klasiki, mara nyingi huelekezwa kwa Beethoven na Simfonia ya Tano, kazi yake ndefu ya okestra nzima. Naupinga ushauri huo kwa wengi wetu. Kazi yenyewe ni kubwa, hilo halina ubishi, lakini ushauri huo unamfaa mwenye sebule tulivu na spika nzuri. Sisi wengine tunasikiliza kwa simu: ndani ya daladala, jikoni sufuria ikichemka, ofisini mlango ukiwa wazi, au usiku watoto wakishalala. Kazi ileile inaweza kukushika mahali pamoja na kukuchosha kabisa mahali pengine, ukaondoka ukidhani muziki huu si wako.

Kwa hiyo hapa naziweka kazi nne pamoja: Messiah ya Handel, Misimu Minne ya Vivaldi, Simfonia ya Tano ya Beethoven, na Suiti za chelo za Bach, yaani mafungu ya densi za chelo, ala kama fidla kubwa yenye sauti nzito. Zote zinapatikana kirahisi mtandaoni, na kila moja inamdai msikilizaji kitu tofauti. Swali la kujiuliza ni wapi na saa ngapi utasikiliza, kabla hujafikiria jina lipi ni maarufu.

Kama umewahi kuimba kwaya

Anza na Handel, wala usisite. Messiah aliitunga London mwaka 1741, kati ya Agosti 22 na Septemba 14, na ikaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 13, 1742. Kipande kimoja unakijua tayari: "Haleluya", ile inayofunga sehemu ya pili kati ya sehemu tatu za kazi hii. Kwaya nyingi za makanisa yetu hujifunza kwa sol-fa, sauti moja moja, na kuitoa Krismasi au Pasaka.

Aliyepita kwenye kwaya ana mtaji ambao wengi hawajui kuwa wanao. Asiyezoea husikia ukuta mmoja wa sauti. Mwanakwaya husikia besi wakiingia, tenor wakiwajibu, alto wakijaza katikati. Kuzifuata sauti nne kwa wakati mmoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa msikilizaji wa muziki huu, na wewe ulishaifanya ukiwa umesimama kwenye mstari, kitabu mkononi.

Sikiliza pale penye "Mfalme wa Wafalme". Sauti za juu zinashika noti moja ndefu, na chini yao wengine wanagongagonga "milele na milele, haleluya". Kisha za juu zinapanda hatua moja, zinashika tena, zinapanda tena, mpaka unajiuliza watafika wapi. Karibu na mwisho haleluya zinapigwa mfululizo, halafu ghafla kimya. Aliyewahi kuuimba anakijua kimya hicho, maana ndipo mwalimu wa kwaya anapomkazia macho kila mmoja, asije mtu akaropoka peke yake. Baada ya hapo inakuja haleluya ya mwisho, polepole, sauti zote kwa pamoja.

Jambo lingine linalomrahisishia msikilizaji wetu ni kwamba maneno yote yametoka kwenye Biblia. Aliyeyapanga ni Charles Jennens. Fungua Isaya 40 kwa Kiswahili, weka mbele yako, kisha msikilize tenor mwanzoni kabisa mwa kazi. Anapofika "kila bonde litainuliwa", sauti inapanda na kuzunguka kwa noti nyingi bila kuvuta pumzi. Akitaja milima, sauti inachongoka kama kilele; akisema inashushwa, inashuka. Palipopotoka, sauti inayumba kati ya noti mbili, huku na huku, na paliponyooka inatulia kwenye noti moja ndefu. Huhitaji kusoma nota ili uone mtunzi alifanya nini, aya inakutosha.

Hasara yake ni urefu. Kazi nzima inapita saa mbili, na kuna sehemu za katikati ambapo mwimbaji mmoja anasimulia tu ili hadithi isogee. Usijilazimishe. Sikiliza mwanzo huo wa Isaya 40, kisha wimbo wa kwaya wa Isaya 9, "kwa ajili yetu mtoto amezaliwa", kisha "Haleluya", kisha ule wimbo wa soprano unaofungua sehemu ya tatu, wa Ayubu 19:25, "najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai". Huo wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote. Hauna tarumbeta wala kelele, ni imani inayosemwa kwa sauti ya kawaida.

Na uangalie ni nani anaimba. Dublin mwaka 1742 kwaya ilikuwa ndogo. Mwaka 1784, kwenye kumbukumbu ya Handel iliyofanyika Westminster Abbey, waimbaji na wapigaji walizidi 500. Njia zote mbili zipo hadi leo kwenye rekodi. Kwa simu, chukua kundi dogo, mfano rekodi zilizoongozwa na Christopher Hogwood au Trevor Pinnock. Kwaya ya watu mamia ndani ya spika ndogo hugeuka ukungu. Kwa kundi dogo, kila sauti inabaki na mahali pake.

Kama una dakika kumi tu

Hapo ni Vivaldi. Misimu Minne ilichapishwa Amsterdam mwaka 1725, nayo ni konserto nne, yaani kazi nne ambamo mpigaji mmoja wa fidla anabishana na kundi zima. Kila konserto ina sehemu tatu, haraka, polepole, haraka, na inachukua kama dakika kumi. Unaimaliza kabla maji ya chai hayajachemka, au kati ya vituo viwili vya foleni ya jioni.

Kwa asiyetaka maneno ya dini, au asiyetaka maneno kabisa, huu ndio mlango. Hata hivyo Vivaldi hakukuacha gizani: kila konserto ilitolewa pamoja na shairi linaloeleza kinachotokea. Kwenye Machipuko, konserto ya kwanza, baada ya wimbo wa mwanzo, fidla tatu peke yake zinalia kama ndege wanaojibizana. Kisha kijito, kisha radi, kisha ndege wanarudi. Sehemu ya pili mchunga mbuzi amelala. Fidla zinavuma taratibu kama majani, na chini yake viola, ala kama fidla yenye sauti nzito kidogo, inapiga noti mbili, tena na tena. Huyo ni mbwa anayebweka. Vivaldi aliandika kwenye nota kwamba viola ipigwe kwa nguvu muda wote, na wapigaji wengi huona haya kufanya hivyo. Rekodi ambayo mbwa wake anasikika sawasawa ni rekodi ya kuaminika.

Kuna mpango mmoja unaorudi kwenye sehemu zile za haraka: wimbo wa mwanzo unapigwa na kundi lote, fidla moja inatoka na kuzunguka zake, kundi linarudi na wimbo uleule, fidla inatoka tena. Ni kiitikio. Mtu yeyote aliyecheza ngoma au kuimba pambio analijua hilo mwilini, na akishalitambua hapotei tena. Wasikilizaji wa taarab asilia nao wana cha kuanzia, kwa kuwa bashrafu, kile kipande cha ala tupu kinachofungua onyesho, imewazoesha kuzifuata fidla bila kumsubiri mwimbaji.

Wengi huishia kwenye Machipuko kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Mimi ningekwambia uende moja kwa moja kwenye Kiangazi. Inaanza na joto la kuchosha, muziki unajikokota, hakuna anayetaka kusogea. Kisha upepo, kisha inatulia tena, na sehemu ya mwisho ni dhoruba ya mvua ya mawe inayoharibu nafaka shambani. Anayejua anga inavyokuwa nzito kabla mvua haijashuka hatahitaji maelezo. Majira ya Baridi ni ya pili kwangu: mwanzo wake ni kutetemeka kwa baridi, na sehemu ya katikati, fupi sana, mtu ameketi ndani karibu na moto huku mvua ikinyesha nje. Mvua hiyo ni fidla zinazodonolewa kwa vidole badala ya kupigwa kwa upinde.

Kasoro ya Vivaldi kwa simu ni ndogo. Sauti zake zipo juu na za kati, hazipandi na kushuka kupita kiasi, kwa hiyo hata spika ya simu inazifikisha. Kasoro yake kubwa ni mazoea: kazi hii imetumika mno kwenye matangazo na kwenye simu za kusubiri huduma, hata sikio linaweza kuipita bila kusimama. Ndiyo maana nasisitiza Kiangazi.

Beethoven anadai chumba

Simfonia ya Tano ilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna, Desemba 22, 1808, kwenye ukumbi wa Theater an der Wien, usiku wa baridi, katika onyesho la saa nne hivi ambalo pia Simfonia ya Sita ilisikika kwa mara ya kwanza. Wapigaji hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha, na kazi moja ya usiku ule ilibidi isimamishwe na kuanzwa upya. Kazi iliyozaliwa katika mazingira magumu kiasi hicho imekuwa ndiyo simfonia inayojulikana kuliko zote. Beethoven mwenyewe wakati huo masikio yalishaanza kumwacha.

Inachukua kati ya dakika 30 na 35, sehemu nne. Noti nne za mwanzo, tatu fupi na moja ndefu, kila mtu anazijua. Uzuri uko katika anachozifanyia baadaye: anazitupa kwa fidla, kwa honi (pembe za shaba za okestra), kwa ngoma, anazigeuza, anazificha chini ya wimbo mwingine. Katikati ya mbio za sehemu ya kwanza okestra nzima inasimama na obo moja, ala ya kupuliza kama zumari, inaimba peke yake, taratibu, kwa sekunde chache tu, kama mtu aliyejitenga na umati. Kisha umati unamchukua.

Sasa tatizo. Sehemu ya tatu na ya nne zimeunganishwa bila kituo. Kabla ya kuingia ya nne, okestra inashuka hadi karibu isisikike: fidla zimeshika noti moja, timpani, ngoma kubwa ya okestra, inagonga polepole, tu, tu, tu, na wimbo unaanza kutambaa juu ya giza hilo. Halafu mlango unafunguliwa. Tromboni, ala kubwa za shaba za kupuliza ambazo zimekaa kimya simfonia nzima hadi hapo, zinaingia kwa nguvu, na muziki uliokuwa wa huzuni unageuka kuwa wa ushindi. Ndani ya daladala timpani ile haipo. Unasikia injini na konda. Unaongeza sauti ili upate kitu, na sekunde chache baadaye tromboni zinakuumiza masikio, unapunguza, na ule mgeuko ambao Beethoven ameujenga kwa nusu saa umepotea katika kuhangaika na kitufe.

Nyimbo za redioni hutengenezwa zikiwa na nguvu karibu sawa toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo zinavumilia kelele. Simfonia haikutengenezwa hivyo. Kimya chake ni sehemu ya wimbo. Subiri usiku, funga mlango, vaa spika za masikioni, weka simu mbali usiione, na umpe nusu saa nzima bila kukatiza. Rekodi ya mwongozaji Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic ya mwaka 1974 ni chaguo zuri. Inakwenda kasi na haijaachwa ilegee hata kidogo. Kwa aliye tayari kufanya hivyo, hakuna kati ya hizi nne inayolipa zaidi kwa usiku mmoja.

Bach, kwa anayetaka wa kuishi naye

Suiti za chelo ni sita, na Bach alizitunga karibu mwaka 1720 alipokuwa akifanya kazi Köthen, Ujerumani. Ala ni moja tu. Hakuna piano ya kusindikiza, hakuna ngoma, hakuna wa pili. Kila suiti inaanza na utangulizi, kisha zinafuata densi: nyingine za taratibu, nyingine za kurukaruka.

Utangulizi wa suiti ya kwanza hauzidi sana dakika mbili na nusu. Upinde unakwenda na kurudi juu ya nyuzi bila kupumzika, na baada ya muda sikio linaanza kusikia watu wawili: mmoja chini anayeshika msingi, mmoja juu anayesema. Ni chelo moja. Karibu na mwisho noti moja inarudiwarudiwa katikati huku nyingine zikipanda juu yake, hatua kwa hatua, na mvutano unaongezeka mpaka unaachiwa kwenye noti nene ya mwisho.

Ukilinganisha na Vivaldi, Bach huyu hasimulii. Hakuna ndege, hakuna dhoruba. Siku ya kwanza unaweza kusema ni mazoezi ya vidole. Lakini nimeona kwamba kazi hii inaongezeka kadiri unavyoirudia. Inafaa asubuhi, inafaa ukifua, inafaa msibani, inafaa ukifanya hesabu. Mpiga chelo Pablo Casals alizikuta nota zake dukani Barcelona mwaka 1890, akiwa na miaka 13, akazifanyia kazi miaka mingi kabla ya kuthubutu kuzipiga hadharani, na akazirekodi zote kati ya 1936 na 1939. Rekodi hiyo ina mikwaruzo ya zamani, lakini mtu anasikika akizungumza. Kwa sauti safi zaidi, chukua yoyote ya mpiga chelo Yo-Yo Ma.

Tahadhari moja: chelo ni ala ya chini, na spika ya simu haina besi. Unabaki na mkwaruzo wa upinde, kifua chake kinapotea. Hata spika za masikioni za bei rahisi ni bora mara nyingi kuliko simu iliyowekwa mezani.

Kazi moja, wapigaji wawili

Anayetoka kwenye bongo fleva amezoea kwamba wimbo na mwimbaji ni kitu kimoja. Huku sivyo, na mfano bora ni Bach yuleyule. Goldberg Variations, iliyochapishwa 1741, ni wimbo mfupi wa kinanda ukifuatwa na mageuzi 30. Mkanada Glenn Gould aliirekodi kwa piano mwaka 1955 akiwa kijana, kwa dakika 38. Akairekodi tena mwaka 1981, ikachukua dakika 51. Nota ni zilezile, ingawa ile ya pili ana sehemu anazozirudia. Wimbo wa mwanzo peke yake, ambao 1955 haukufika dakika mbili, mara ya pili unafika tatu. Ya kwanza ni kijana anayekimbia na kucheka. Ya pili ni mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Zote mbili utamsikia akiguna chini chini huku akipiga.

Ziweke mbele yako, dakika tatu za hii, dakika tatu za ile. Utajua unampenda nani bila kuambiwa na mtu, na hapo ndipo hali ya kuwa mgeni kwenye muziki huu inapoanza kuisha. Mimi niko upande wa 1981.

Bando, kutafuta, na kwenda kusikia ana kwa ana

Kwa sauti ya ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inakula kama MB 58. Simfonia ya Tano basi ni kama MB 34, Messiah nzima kama MB 134, konserto moja ya Vivaldi kama MB 10. Video inakula zaidi, kwa hiyo pakua sauti tupu unapopata Wi-Fi. Kazi zenyewe haki zake zimeshaisha muda, lakini rekodi nyingi bado zina mwenyewe. Zipo zilizoachiwa huru kabisa: Goldberg ya Kimiko Ishizaka ya mwaka 2012 ni mojawapo, na tovuti ya Musopen ina nyingine.

Unapotafuta, andika mtunzi, kazi, namba, na mpigaji: "Bach Cello Suite 1 Casals". Ukiandika "classical music" peke yake utaletewa saa kumi za piano ya kulalia. Na zima ile sehemu ya kuchanganya nyimbo. Sehemu nne za simfonia zina mpangilio wake, na programu ikizichanganya, umesikia vipande, hujasikia simfonia.

Kusikia ana kwa ana kunashinda rekodi yoyote, na hakuko mbali kama inavyodhaniwa. Nairobi ina Nairobi Orchestra, na huko Korogocho mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha vijana ala hizi tangu 2008. Kinshasa kuna okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa 1994. Walioko Oman wana Royal Opera House ya Muscat, iliyofunguliwa 2011. Walioko London wana tamasha la Proms kila kiangazi, lenye tiketi za bei nafuu za kusimama. Ukipata nafasi ya ukumbi, basi chagua Beethoven, maana yale yote yanayopotea kwenye simu yanarudi.

Wengi wanaogopa kupiga makofi mahali pasipostahili. Desturi ya sasa ni kusubiri hadi sehemu zote ziishe, ingawa haikuwa hivyo zamani: Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfonia yake. Kama hujui imeisha au la, mwangalie mwongozaji. Mikono ikiwa bado iko juu, bado. Akiishusha na kugeuka, piga makofi kwa moyo wote.